Mkono Uliosimama

1

Chupa mpya na chupa iliyotumika zilikuwa na uzito mmoja.

Nilizipima mara tatu kwenye mzani wangu wa kazi, ule ninaopimia dawa za ng'ombe, na mzani huo haujanidanganya hata siku moja. Gramu kumi na nane na nusu. Nikavua miwani, nikaifuta kwa leso, nikaivaa tena. Gramu kumi na nane na nusu, zote mbili.

"Namalwa!" niliita. "Hii chupa umeivaa kwa muda gani?"

"Miezi mitatu, Mama. Kama zile zingine."

"Na kikuku kilikuwa kinakudunga?"

Alikuja mlangoni akikunja mkono wa sweta. Kikuku, kile kinachobeba chupa ya dawa, kilikuwa pale pale kilipokaa miaka mitatu, juu ya kiwiko, kimezungukwa na vidoti vyeusi vya sindano. "Kila jioni," alisema. "Kinadunga, taa ya kijani inawaka, kinanyamaza. Kwani kuna nini?"

Mimi ni mhudumu wa mifugo, nimedunga ng'ombe miaka kumi na tisa, na najua jambo moja ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua: dawa ikitoka kwenye chupa, chupa hupungua. Hii haikuwa imepungua hata tone. Kwa hiyo jioni zote zile, mwanangu aking'ata meno na mimi nikimwambia jikaze mama, ni ya faida yako, kikuku kilikuwa kinachukua damu yake na hakimpi chochote. Kilikuwa kupe. Kupe mwenye taa.

Nilikipiga teke kiti kikaanguka. Namalwa alikiinua, akakirudisha mahali pake, kisha akaketi juu yake kunisubiri nipoe. Sikupoa.

Msichana huzaliwa na kromosomu mbili za X. Namalwa alizaliwa na moja. Tuliambiwa hivyo alipokuwa na miaka kumi, baada ya mwalimu wake kuuliza mbona nguo za sare za darasa la pili bado zinamtosha. Daktari alisema hakuna aliyekosea, si mimi, si baba yake, si chakula. Ni namna tu chembe zilivyogawanyika. Akasema mtoto atakuwa na akili zake, na ulimi wake (huo nilikuwa nimeshaujua), lakini mwili wake hautarefuka bila homoni ya ukuaji, na akifika miaka kumi na tatu au kumi na nne atahitaji homoni nyingine ya kumfanya awe mwanamke. Hiyo ya pili hufunga mifupa. Ikishafunga, basi. Kwa hiyo ya kwanza lazima itangulie, na ipewe muda.

Mtu wa zamani angesema, ufupi nao ni ugonjwa? Ningekubaliana naye, kama tungeishi zamani. Siku hizi milango inatazama. Mlango wa benki, wa duka la dawa, wa gari la abiria, wa ofisi ya chifu, yote ina jicho, na jicho likiona mwili ulio chini ya mita moja na sentimita arobaini linasema kwa sauti ya upole, "Mtoto mpendwa, mwite mtu mzima." Hapa mjini kwetu kuna mwalimu mmoja, Rasoa, ana miaka thelathini na mmoja na shahada mbili ukutani. Akienda kliniki huongozana na mpwa wake wa miaka kumi na mitano, kijana mrefu kama mgomba, ili mashine ikubali kwamba kuna mtu mzima chumbani. Nilimwona siku moja amesimama nje ya duka akimsubiri yule kijana amalize kula mahindi. Ndiyo maana nilitaka sentimita. Sikutaka urembo.

Namalwa alikuwa na mita moja na sentimita ishirini na nane.

"Vaa viatu," nilimwambia. "Na hizo chupa zitie kwenye mfuko."

2

Daktari Sikuku wa Kituo cha Ukuaji ni mtu wetu, wa huku huku. Bibi yake na bibi yangu walichota maji kisima kimoja. Alipotuona alisimama, akavuta kiti, akasema, "Karibu, mayi. Keti."

Mayi ni mama kwa lugha yetu. Miaka mitatu aliniita mzazi.

"Leo ndiyo umekumbuka kuniita mayi," nilisema. Nikaziweka chupa mbili juu ya meza yake, na mzani katikati. Sikuhitaji kueleza. Alizitazama bila kuzigusa, na uso wake haukushangaa. Hapo ndipo hasira yangu ilipopata pa kukaa.

"Ulijua," nilisema.

"Ngoja nikuonyeshe kitu kwanza."

Aliwasha ukuta. Nikajiona mwenyewe, miaka mitatu nyuma, katika chumba cha ridhaa, nimevaa gauni langu la kanisani. Namalwa wa miaka kumi alikuwa amesimama kwenye alama nyekundu sakafuni, ana pengo mbele. Sauti ya mashine ikasema: "Mzazi mpendwa, onyesha kimo unachomtakia mtoto wako."

Siku hizi hakuna kutia sahihi. Sahihi, sauti, alama za vidole, vyote vilishaghushiwa vya kutosha mpaka mahakama zikachoka, ikabaki mwili. Mashine husoma mifupa ya mkono wako unavyosogea, na mkono, wanasema, haughushiki. Kwa hiyo nilionyesha kwa mkono. Nilijiona pale ukutani nikiuinua juu ya kichwa cha mwanangu, juu kuliko bega langu kwa sababu ya tamaa, vidole vimesimama wima, kiganja kimetazama mbele. Nilikuwa natabasamu.

"Asante," mashine ilisema. "Imepokelewa."

Na chini ya picha, kwa herufi ambazo sikuonyeshwa siku ile: MZAZI AMEKATAA.

Nilisoma mara mbili. Namalwa alisoma mara moja. "Mama," alisema polepole, "imedhani unaizuia. Kama askari wa barabarani."

Kwetu, ukitaka kuonyesha urefu wa mtu, unasimamisha mkono. Vidole juu. Mtu anakua kwenda juu, na mkono unamwonyesha njia. Kiganja kilicholala ni cha mnyama: ndama amefika hapa, mbuzi amefika hapa. Mimi hulaza kiganja mara ishirini kwa siku, ndiyo kazi yangu. Lakini kumlazia mtoto wa mtu kiganja juu ya kichwa ni kumwambia asiendelee. Niliwahi kufanya hivyo nikiwa mdogo, nikionyesha urefu wa mdogo wangu, na bibi akanichapa vidole kwa mwiko wa ugali ukiwa na ugali wake. Daktari Sikuku bila shaka alichapwa na mwiko wa namna hiyo hiyo.

"Waliotengeneza mashine ni watu wa mbali," alisema. "Kwao kiganja kilicholala ni kimo, na kilichosimama ni kukataa. Hakuna aliyewaambia. Na sheria inasema aliyekataa avishwe kikuku cha kupima tu, ili tulinganishe na wanaopata dawa."

"Na chupa ya kudanganyia?"

"Si ya kudanganyia. Kikuku hakifanyi kazi bila chupa ndani. Imetiwa maji ya chumvi."

"Na taa ya kijani?"

"Inaonyesha kwamba damu imesomwa."

"Na lile neno, imepokelewa?"

Alifikicha macho. "Ukiiuliza imepokea nini, itakuambia. Ila hakuna aliyewahi kuuliza."

Nani angeuliza? Mtu akikuambia asante, unamshika shati umhoji asante ya nini? Tumelelewa vizuri, na malezi hayo ndiyo yaliyotuponza.

"Umejua tangu lini?"

"Mwezi wa nne."

Tulikuwa mwezi wa kumi na moja. Nilihesabu kwa vidole mbele yake, kidole kimoja kimoja, ili avione. Saba. Miezi saba huyu mtu aliamka, akanywa chai, akaja hapa, akampapasa mwanangu kichwa akimwambia anaendelea vizuri.

"Wako wangapi?" Namalwa aliuliza.

"Nani?"

"Wenye kikuku kama changu."

Daktari alimtazama, kisha akanitazama mimi, kana kwamba swali lilikuwa langu. "Mia mbili na kumi na wawili. Kaunti hizi zetu tatu."

"Mdogo kabisa ana miaka mingapi?"

"Minne."

Namalwa alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa bei asiyoitaka.

Kwenye rafu nyuma ya daktari palikuwa na taarifa iliyojaladiwa vizuri. Nilikuwa nimeiona siku nyingi bila kuisoma, maana mtu hasomi rafu ya daktari. Leo niliisoma: Mila na Ukataaji wa Matibabu katika Nyanda za Juu. Mwandishi, Dkt. E. Sikuku.

"Niliiandika kabla sijajua," alisema upesi.

"Mila," nilisema. Tulikwenda pale kwa miguu yetu, tumewasafisha watoto wetu masikio, tumewaombea kwa mikono iliyosimama, halafu tukaandikwa kuwa washamba wanaoogopa sindano. Nimedunga fahali wa kilo mia nane. Mimi naogopa sindano!

3

Alifunga mlango kabla ya kusema lililobaki.

"Mayi, nisikilize kama ndugu. Picha ya mifupa ya Namalwa ninayo hapa. Sehemu za kukulia bado ziko wazi, lakini ni uzi tu. Nikimpa homoni leo, kipimo kikubwa, na nikiichelewesha ile ya pili, ya usichana, kwa mwaka mmoja, atafika mita moja na arobaini na moja. Nimepiga hesabu mara nyingi. Tukichelewa miezi sita, hafiki."

"Basi mpe."

"Dawa ya waliokataa ilishapelekwa mikoa mingine. Nimebaki na akiba ya mtoto mmoja. Niliiweka kwa ajili yenu."

"Kwa nini sisi?"

"Kwa sababu wewe ungepima chupa. Nilijua siku moja utapima."

Kumbe haikuwa huruma. Aliniwekea akiba kama mtu anavyomwekea mbwa mfupa ili asibweke.

Alinisogezea maandishi. Yalikuwa mafupi. Ninathibitisha kwamba mkono niliouinua ulikuwa mkono wa kukataa, na kwamba sasa nimebadili nia. Ningeingia chumba cha ridhaa, nilaze kiganja, na Namalwa atoke na dawa siku hiyo hiyo.

"Na nisipokubali? Nikisema mashine ilikosea?"

"Ni haki yako. Lalamiko litafunguliwa, na likishinda, sheria itawalazimisha kurudisha dawa ya watoto wote. Lakini faili lenye ubishi wa ridhaa hufungwa mpaka kamati ikae. Miezi saba. Pengine mwaka."

"Na nikikubali, halafu mama mwingine alalamike?"

Hakuinua macho. "Watamwonyesha karatasi yako. Mama wa huku huku, mwenye mila hiyo hiyo, amethibitisha kwamba mkono uliosimama ni kukataa."

Sasa niseme ukweli, maana wako wanaonisifu siku hizi na sifa hizo hazinihusu. Nilikubali. Sikufikiri hata dakika mbili. Watoto mia mbili na kumi na mmoja wana mama zao, nilijiambia, na wao pia wanaweza kununua mzani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilimwona Namalwa wa miaka thelathini amesimama nje ya duka akimsubiri kijana amalize mahindi, nikasema, "Fungua hicho chumba."

Namalwa alisimama kwenye alama nyekundu. Daktari alibaki mlangoni. Sauti ikaja, ile ile, ya upole: "Mzazi mpendwa, maandishi yako yamesomwa. Ili kuthibitisha, onyesha kimo unachomtakia mtoto wako."

Nililaza kiganja. Mkono huu umelala juu ya migongo ya ndama elfu. Niliupeleka juu ya kichwa cha mwanangu. Nilikuwa nalia kwa hasira, na sikujificha.

Kabla haujafika, Namalwa aliudaka.

"Usinipime kama ndama," alisema.

"Ni mashine tu," nilimwambia. "Haimaanishi kitu."

"Kama haimaanishi kitu, mbona unalia?"

"Namalwa, ni sentimita kumi na tatu! Unajua zitakufungulia nini?"

"Najua. Mimi ndiye ninayeambiwa 'mtoto mpendwa' kila siku, si wewe." Vidole vyake vifupi vilikuwa vimenishika kifundo cha mkono, na vilikuwa na nguvu. "Nina miaka kumi na tatu. Huyo mwingine ana minne, Mama. Minne. Anadungwa kila jioni na mama yake anamwambia ajikaze. Nikirefuka kwa karatasi ile nitakuwa nawaona kila siku, mimi nikiwa juu."

Akaugeuza mkono wangu. Sikumsaidia wala sikumzuia. Aliusimamisha wima, vidole juu, kiganja mbele, na akaushikilia hapo, juu ya kichwa chake, mpaka mashine ikasema:

"Asante. Imepokelewa."

Kwa mara ya kwanza lile neno lilikuwa la kweli. Nilikataa karatasi ile, na dawa pamoja nayo. Mpaka leo sijui kama nilimwacha aamue kwa sababu ilikuwa haki yake, au kwa sababu sikuwa na nguvu ya kumshinda. Baba yake alinikasirikia wiki mbili. Siwezi kumlaumu.

Nilitoka nikampita daktari mlangoni. "Nenda kaandike lalamiko," nilimwambia. "Uandike wewe, kwa mwandiko wako, na tarehe ya mwezi wa nne uiweke. Usipoiweka nitarudi na mzani."

4

Kwenye baraza alikuwapo mwanamke mmoja tu, mtu wa kule mlimani, amempakata binti wa miaka sita mwenye kikuku kipya kinachong'aa, alichovishwa mapokezini muda huo. Jina la mtoto lilikuwa limeandikwa juu ya kikuku: Chemtai. Walikuwa wanaingia kwa mara ya kwanza. Mwanamke aliniona machozi, akasogea kunipisha niketi.

Nikamweleza, haraka haraka, pengine vibaya. Kwamba huyo wake bado dawa yake ipo, ya wapya haijapelekwa popote. Kwamba akiingia ataulizwa kimo, na asithubutu kusimamisha mkono. Alaze kiganja.

Alinitazama kama mtu aliyeombwa amtemee mtoto mate. "Nimlazie mwanangu kiganja?"

"Mashine haijui kingine."

"Hapana, mama. Mimi nina ng'ombe nyumbani, najua kiganja hicho ni cha nani. Nimemleta akue, halafu nimlaani mlangoni?"

"Atakosa dawa!" nilipaza sauti, na Chemtai akaanza kulia. Nilitaka kumtikisa yule mama mabega. Nilitaka kumpigia magoti pia, kwa sababu mwenyewe, kabla ya kuiona ile picha ukutani, nisingeisikiliza habari hiyo kutoka kwa mtu yeyote.

"Nilazie mimi," Namalwa alisema.

Tuligeuka wote wawili.

"Mashine inatazama mkono tu. Mtoto inamjua kwa kikuku, na changu nitakivua nikiache hapa nje. Haijali nani amesimama kwenye alama. Chemtai akae mlangoni, mimi nitasimama pale." Akatabasamu, tabasamu lake la kuchokoza watu. "Mimi nimeshadumaa, mama. Kiganja chako hakitanifanya kitu."

Mama Chemtai alicheka kidogo kwa mshtuko, akaziba mdomo. Mimi sikucheka.

Tuliingia wanne. Daktari Sikuku alifungua kinywa kusema kwamba chumba ni cha mzazi na mtoto tu, akaniona usoni, akatupisha. Chemtai alikaa kizingitini akichezea kikuku chake. Namalwa alikwenda kwenye alama nyekundu, akajiweka sawa, akatazama mbele.

"Mzazi mpendwa, onyesha kimo unachomtakia mtoto wako."

Mkono wa yule mama ulipanda, na mara tu ulipofika juu ulianza kusimama wenyewe, kwa mazoea. Nikaushika. Nikaulaza mimi, kwa mkono wangu, juu ya kichwa cha mwanangu, nikaushikilia usiinuke. Palikuwa na nafasi kubwa kati ya kile kiganja na nywele za Namalwa.

"Asante. Imepokelewa."

Mama Chemtai alitaka kushusha mkono. "Ngoja," nilimwambia, sikumwachia. Nikaugeukia ule ukuta. "Umepokea nini?"

"Asante," mashine ilirudia.

"Nimekuuliza. Umepokea nini? Sema!"

"Mzazi amekubali matibabu," ilisema. "Kimo, mita moja na sentimita hamsini na mbili."

Niliuachia mkono. Namalwa alitoka chini yake, akageuka, akainua uso kupatazama pale kiganja kilipokuwa.